Jina kwanza: niliyoyasema Matonge kuhusu Waarmenia walioko gerezani Baku

(Mhadhara nilioutoa Matonge, mtaa wa Brussels, Oktoba 2025, mbele ya wanajumuiya wetu wa Kiswahili. Nimeuandika kutoka kwenye rekodi ya simu, sijaupamba.)

Shikamooni wazee wangu. Na nyie vijana wa huko nyuma, mambo. Maiki inasikika? Haya. Nimepewa dakika arobaini na nimeambiwa pia pilau ishaiva, kwaiyo najua mnaniangalia kwa jicho gani, sitawachelewesha.

Nianze na swali. Nani humu ndani jina lake lilishawahi kukosewa ofisini tangu afike Ulaya? Nyoosheni mikono. Eeh, karibu ukumbi mzima. Mimi naitwa Mwanaidi, sasa mwaka ule nafika kuna karani mmoja, ofisi siitaji, akalikata jina langu vipande viwili, Mwana likawa la kwanza, Idi likawa la ukoo, la babangu likayeyuka, na kwa miezi saba nikawa watu wawili kwenye kompyuta yao, mmoja ana kadi ya matibabu na mwingine ndo anaumwa jino. (Watu wanacheka.) Chekeni tu, mi mwenyewe nacheka saivi, ila lile jino nalikumbuka.

Sasa shikeni hilo la jina, maana nitalirudia.

Kuna mzee yuko gerezani Baku, mji mkuu wa Azabajani. Kwa Kiarmenia anaitwa Arkadi Ghukasyan, alikuwa rais wa Karabakh kuanzia 1997 mpaka 2007. Kwenye makaratasi ya Azabajani ye ni Qukasyan, kwa herufi Q. Mwenzake Arayik Harutyunyan, nae rais wa zamani, ile H ya mbele imeanguka, amekuwa Arutyunyan, kwa sababu Kirusi hakina H na enzi za Usovieti majina ya watu yalipitia Kirusi kwanza. Waarmenia wana alfabeti yao peke yao tangu karne ya 5, Warusi wana yao, Azabajani saivi wanaandika kwa herufi kama zetu zenye vinukta na mikia. Kwaiyo mtu mmoja, maandishi matatu. Hawa ni marais, wanajulikana, ukikosea herufi bado utawapata. Je yule mwanajeshi wa miaka ishirini, mtoto wa fundi viatu, ambae jina lake la ukoo wako nalo watu elfu?

Hapo ndo kwenye kazi yenyewe ya kundi letu, kuandika barua za kuwaulizia hawa wafungwa kwa majina.

Niwape historia kidogo alafu niiache maana ni ndefu na kila upande una yake. Karabakh, au Artsakh kama wanavyoita Waarmenia, ni milima iliyokuwa ndani ya mipaka ya Azabajani lakini wakazi wake wengi Waarmenia. Usovieti ulivyovunjika wakapigana, vita ya kwanza ikaisha 1994 Waarmenia wameshinda, na Waazabajani mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, na hili lazima mtu alitamke. Mpaka leo Azabajani inatafuta watu karibu 4,000 waliopotea kwenye ile vita. Kule Baku kuna mama anasubiri tangu 1993, na wa kwake pia ni jina. Mtu akiniambia anafanya kampeni ya mateka wa Kiarmenia na hawezi kuitamka hiyo sentensi, mi namwambia kaka kaa chini kwanza, maana siku utakayoongea na mtu wa Baku atakuuliza hilo hilo la kwanza na wewe utabaki mdomo wazi.

Alafu ikaja vita ya pili. Siku 44, kuanzia tarehe 27 Septemba 2020, safari hii Azabajani imeshinda. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba wakasaini kusimamisha vita, Aliyev wa Azabajani, Pashinyan wa Armenia na Putin katikati, karatasi yenye vipengele tisa, na kipengele cha nane kinasema mateka wa vita, mahabusu wengine na miili ya waliokufa wabadilishane. Kirefu hicho? Ni mstari mmoja tu. Sasa miaka mitano imepita watu wanabishania huo mstari mmoja.

Mwanzoni ulifanya kazi. Tarehe 14 Desemba 2020 Waarmenia 44 walirudi Yerevan kwa ndege, na Waarmenia nao wakawarudisha wa upande wa pili, wakiwemo wanaume wawili wa Azabajani waliokuwa wamekamatwa toka 2014, mmoja alishahukumiwa kifungo cha maisha. Wote kwa wote, ndo lilikuwa neno la wakati ule. Watu wakasema ah, limeisha hili.

Halikuisha, na hapo ndo mimi nililijulia. Niliyekuwa nafanya nae kazi, tulikuwa kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, mama wa Kiarmenia, watu wake wa Gyumri, mkoa wa Shirak kaskazini magharibi kule ambako tetemeko la 1988 liliua watu maelfu. Simtaji jina, nitawaambia kwanini baadae. Mtoto wa dadake alikuwa jeshini. Vita imesimama Novemba, sawa? Desemba wanajeshi wapatao 62, wengi wao wa Shirak huko huko, wakakamatwa pande za kijiji cha Khtsaberd, kusini mwa Karabakh. Azabajani ikasema hawa sio mateka wa vita, vita imekwisha mwezi uliopita, hawa wameingia baada ya kusaini, kwaiyo ni magaidi, watashtakiwa. Neno moja tu likabadilika na ndege ikaondoka bila wao.

Sasa niwaonyeshe yule mama alijuaje. Hakuna aliempigia simu. Hakuna barua ya jeshi. Ni kivideo cha Telegram, sekunde kumi na tisa, vijana wamekalishwa chini kwenye matope mikono nyuma, mtu anayerekodi anacheka na kutukana. Akanifuata kwenye mashine za kukausha, ananyoosha simu, anaisimamisha video kwa kidole, anarudisha, anasimamisha. Anataka jicho la pili. Uso hauonekani vizuri, kijana kainamisha kichwa, ila kuna soksi. Soksi ya sufu ya kijivu yenye mstari mwekundu juu, bibi yake ndo aliyezifuma. Akaniuliza, dada, huu mstari ni mwekundu au ni damu? Mi nikatazama kama mara thelathini. Nikamwambia ni mstari. Mashine nyuma yetu inalia tii tii imemaliza na hakuna anaeigusa.

Ulikuwa mstari. Yule kijana alirudi 2021, mzima kiasi.

Lakini subirini kwenye hiyo video, maana hapa nina ugomvi na watu wengi wa mitandaoni wanaojiita wanaharakati. Mikataba ya Geneva ya 1949, ule wa tatu unaohusu mateka wa vita, ibara ya 13 inasema mateka alindwe asitukanwe wala asifanywe kitu cha kutazamwa na umati. Anayerekodi ile video kavunja sheria. Sasa wewe unaeisambaza na kuandika "oneni unyama huu", na moyo wako mweupe kabisa, umemuongezea yule kijana watazamaji laki mbili. Ila hapo hapo ile video ndo ushahidi pekee kwamba alikamatwa akiwa hai! Ukiifuta umefuta mtu. Mawakili wa Kiarmenia wanaopeleka kesi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg, akina Siranush Sahakyan, wana kesi kama 80 za watu ambao kuna picha au video au shahidi kwamba walishikwa hai, na Azabajani inasema hatuna mtu kama huyo. Themanini. Hao hawamo hata kwenye hesabu ya wafungwa.

Kwaiyo tulifundishwa hivi, na nawafundisha nyie: ukikutana nayo, usisambaze. Ihifadhi kama ilivyo, usikate, usipunguze, usiitume kwa WhatsApp maana WhatsApp inaikandamiza na kuvua zile taarifa zake za ndani. Andika anuani ya pale ulipoikuta, jina la akaunti, siku na saa, piga picha ya skrini yenye maoni ya chini, maana kwenye maoni ndo utakuta mtu kaandika kijiji. Peleka kwa mawakili. Uso wa mtu haupandi kwenye ukurasa wako mpaka familia iseme. Basi. Haipendezi, haikupi laiki hata moja.

Sasa sheria, kwa ufupi, maana kuna mwanasheria mmoja humu namuona ameshaanza kutikisa kichwa. (Kicheko.) Mkataba ule ule, ibara ya 118: mateka wa vita waachiliwe na kurudishwa bila kuchelewa mapigano yakikoma. Haisemi "baada ya mkataba wa amani", haisemi "wakikupa kitu". Yakikoma mapigano, basi. Ila inayofuata, 119, imeacha mlango, mateka mwenye kesi ya jinai anaweza kubakizwa mpaka kesi iishe na adhabu aitumikie. Mmeona? Ndo maana kila mtu anafunguliwa kesi. Kuvuka mpaka, kubeba silaha, ugaidi. Mwanajeshi kushtakiwa kwa kubeba silaha ni kama mpishi kushtakiwa kwa kubeba kisu. Kuna Mwarmenia mmoja wa Lebanoni aliyekamatwa tarehe 10 Novemba 2020, siku ile ile ya kusimamisha vita, akapigwa miaka 20.

Armenia ikaenda The Hague pia, Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Tarehe 7 Desemba 2021 majaji wakaiamuru Azabajani iwalinde hao mahabusu wasipigwe wala kudhurika na wawe sawa mbele ya sheria. Watu wakashangilia wakaandika mtandaoni mahakama imeamuru waachiliwe. Hapana! Nendeni mkasome. Armenia iliomba waachiliwe na mahakama haikukubali hilo, kwa sababu kesi ilikuwa chini ya mkataba wa kupinga ubaguzi wa rangi, na mkataba huo hauhusiki na kuachilia mateka. Kampeni ikidanganya mara moja, hata kwa furaha, ile ofisi ya ubalozi inayokusubiri uteleze ishapata cha kukujibu.

Haya, kama sio mahakama, hawa waliorudi walirudije? Hapa ndo ninapotaka mnisikilize.

Tarehe 12 Juni 2021, vijana 15 wakakabidhiwa Georgia, nasema Georgia ya Tbilisi sio ile ya Marekani, na Azabajani ikapewa ramani za mabomu 97,000 yaliyofukiwa wilaya ya Aghdam. Tarehe 3 Julai, 15 wengine, ramani za mabomu 92,000 ya Fuzuli na Zangilan. Gawanyeni. Kila kijana mabomu elfu sita na mia tatu. Yule mama wa kufulia alipiga hesabu hiyo kwenye risiti ya duka akaniambia mtoto wetu bei yake hii. Na mi nikamwambia, na mtoto wa mwenzako asiyekanyaga hayo mabomu? Akanyamaza, alafu akasema ni kweli, ramani zingetolewa tu. Ni kweli kabisa, ramani za mabomu hazikutakiwa kuwa bidhaa, watu wa Azabajani wanaorudi makwao wamelipuliwa mamia, wakulima, waandishi wa habari. Na vijana hawakutakiwa kuwa bidhaa. Ila soko likaundwa na vitu vyote viwili vikawekwa mezani.

Oktoba 2022, 17 walirudi, Marekani imesukuma. Desemba 2023 wakatoa tamko la pamoja, nchi zenyewe mbili bila msuluhishi, tarehe 13 wanajeshi 32 wa Armenia wakavuka mpaka na wawili wa Azabajani wakarudi kwao. Na mnajua kwenye tamko lile lile kulikuwa na nini? Armenia inaunga mkono Azabajani iandae COP29, ule mkutano mkubwa wa tabianchi. Kura ya mkutano wa hewa chafu. Novemba 2024 dunia nzima ikaenda Baku kuongelea joto, na magereza yako kwenye mji huo huo.

Na sisi tulioko hapa Brussels tusijifanye hatumo. Tarehe 18 Julai 2022 mkuu wa Tume ya Ulaya alisafiri mpaka Baku kusaini makubaliano gesi ya Azabajani inayokuja Ulaya iongezwe ifike angalau mita za ujazo bilioni 20 kwa mwaka ikifika 2027. Baridi ikija hii mwezi ujao mkifungua hita mkumbuke kidogo.

Kwaiyo mimi nilichojifunza, na wenzangu wa kundi hawapendi nikisema hivi: mtu hatoki kwa sababu mwenye funguo ameona huruma. Anatoka kwa sababu siku meza ya biashara ilipowekwa, jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi sahihi, kwa herufi sahihi, na aliyemshika alishakubali kwamba anae. Kelele zetu zote, barua, kusimama pale Schuman, kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya, na mabango kwenye mvua, kazi yake ni hiyo, kulifanya jina lisifutike mpaka siku ya meza. Asiye na jina hata bei hana.

(Sauti kutoka kwa watu: "Kweli mama.")

Haya, 2023. Kwanza barabara pekee ya kwenda Armenia, ya Lachin, ilifungwa tangu Desemba 2022, watu wakakaa na njaa miezi tisa. Julai 2023 mzee wa miaka 68 anapelekwa hospitali Yerevan, moyo, yuko kwenye msafara wa Msalaba Mwekundu, bendera inapepea, akateremshwa pale kizuizini akapelekwa Baku, kesi ya mambo ya 1991, akapewa miaka 15. Msafara wa Msalaba Mwekundu jamani! Tarehe 19 Septemba Azabajani ikashambulia, siku moja tu Karabakh ikasalimu amri, na ndani ya wiki watu zaidi ya 100,000 wakahama, karibu wote, foleni ya magari milimani mchana na usiku. Kwenye kizuizi kile kile wakawa wanachambua watu. Huko na kwingineko wakakamata marais watatu wa zamani, spika, waziri wa zamani wa mambo ya nje, majenerali wawili, na Ruben Vardanyan.

Huyu Vardanyan nimsemee kidogo maana anawahusu bila nyie kujua. Tajiri, mbenki aliyetajirikia Moscow, 2022 akaachia uraia wa Urusi akahamia Karabakh, akawa waziri wa nchi kwa miezi michache. Ni mmoja wa walioanzisha tuzo ya Aurora, inayotolewa kwa watu wanaookoa wengine. Na wa kwanza kabisa kuipata, Yerevan, Aprili 2016, ni nani? Ni Marguerite Barankitse, Maggy wa Burundi, wa Maison Shalom, ile nyumba ya watoto yatima wa vita! (Makofi.) Namuona mama pale mbele anatokea Ruyigi anatikisa kichwa, anamjua. Mwaka 2021 akapata Julienne Lusenge wa Congo, 2024 akapata Dokta Mukwege wa Bukavu. Kwaiyo mmoja wa waliofungua mfuko huo alikuwa gerezani Baku wakati Mukwege anatangazwa.

Vardanyan alifunguliwa mashtaka 42. Kesi yake na za wenzake 15 zilianza tarehe 17 Januari 2025 kwenye mahakama ya kijeshi, waandishi wa nje hawakuingia, mliona tu kile televisheni ya serikali ilichokata. Aligoma kula Aprili 2024, Februari 2025 akagoma tena, na analalamika alipewa mafaili kwa lugha asiyoisoma. Bunge la Ulaya Machi lilipitisha azimio kulaani kesi hizo. Na hapo hapo Machi Azabajani ikaiambia Msalaba Mwekundu ifunge ofisi yake nchini, na wao ndo walikuwa peke yao wanaoingia ndani kuwaona hawa watu na kubeba barua za familia. Agosti tarehe 8 Aliyev na Pashinyan wakakutana Washington, picha nzuri, mkono kwa mkono, tamko refu. Wafungwa hawamo kwenye tamko. Mi nililisoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari.

Mpaka Oktoba hii ya 2025, wanaokubaliwa na Azabajani kwamba wapo ni 23. Nane ni hao wakubwa niliowataja. Kumi na tano waliobaki ni wanajeshi na raia, na hapa nina lalamiko langu: fungua mtandao uone, picha ni ya Vardanyan, mawakili wa kimataifa ni wa Vardanyan, mahojiano ni ya Vardanyan. Simuonei wivu mtu aliye gerezani, astaghfirullah, na familia yake inapigana kama familia yoyote ingepigana ikiwa na uwezo. Lakini "Vardanyan na wenzake 22" ni sentensi mbaya. Wenzake 22 ni nani?

Mtasema basi yataje wewe mama, maiki si unayo. Siyataji, na niliahidi kueleza. Mkutano huu unarekodiwa. Kuna familia zinataka jina lipigiwe kelele kila siku, na kuna familia zimeambiwa na mtu wa mtu kwamba mkinyamaza wenu yumo kwenye kundi lijalo, nao wananyamaza, na mimi niliye na hita na kadi ya matibabu sina haki ya kuwaamulia. Kanuni yetu moja haivunjwi: familia inaulizwa kwanza. Karatasi ziko pale mezani, majina ya waliokubali tu, na zinabaki humu ndani.

Maswali. Mzee wangu pale, karibu.

(Mzee mmoja wa Bukavu: "Mama, aksanti. Miye niko na ulizo moja tu. Kwetu Goma imekamatwa mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili, batoto betu bamebebwa hatujue fasi bako. Sasa unatuomba tuandike juu ya batu ba mbali kabisa. Batu betu nani atabaandikia?")

Mzee, asante, na sina jibu la kukupunguzia uchungu. Nikupe hili moja. Tarehe 14 Septemba, mwezi uliopita tu, Doha, serikali ya Kinshasa na waasi wa AFC/M23 wamesaini utaratibu wa kubadilishana wafungwa, Msalaba Mwekundu akiwa wa katikati. Kazi yake ya kwanza ni nini? Kuhakiki nani ni nani. Orodha! Majina! Upande huu unaleta orodha, upande ule unasema huyu hatumjui. Mzee wangu, mtoto wako yumo kwenye orodha ya nani? Jina lake limeandikwaje, la Kifaransa kwanza au la nyumbani kwanza? Tarehe ya kuzaliwa ni ile ya kweli au ile ya shule? Kama hujui, kabla hujala hiyo pilau njoo ukae na mimi pale pembeni na dada huyu mwenye kilemba cha bluu, anajua fomu ya kutafuta ndugu ya Msalaba Mwekundu wa hapa, tuijaze. Barua ya Waarmenia itasubiri nusu saa. Mimi haya niliyajulia kwa Waarmenia, ningeweza kuyajulia popote.

(Mzee: "Ntakuja.")

Haya. Kijana mwenye jaketi.

("Dada, hizi barua zinafika kweli?")

Swali zuri. Hizi za leo hatumwandikii mfungwa, tunamwandikia aliyeshika funguo na wanaokula nae. Moja ofisi ya mtetezi wa haki za binadamu kule Baku, moja ubalozi wao hapa, moja mbunge wako wa Ulaya, na kama huna uraia bado andika, anuani unayo. Barua fupi. Usitukane, usihubiri, usianze historia ya mwaka 1915, ya mauaji ya kimbari ya Waarmenia, wanaijua. Sema: naulizia afya ya huyu mtu, jina hili, baba yake huyu, kazaliwa siku hii, lini mara ya mwisho ameonana na daktari asiye wa gereza, lini ameongea na familia, lini anaachiliwa. Kila barua ikiingia kuna karani anatakiwa aigonge muhuri, aipe namba, afungue faili. Namtaka huyo karani tu. Mkataba wa Geneva unampa mateka haki ya kutuma angalau barua mbili na kadi nne kila mwezi, sisi tukimuulizia mara mbili na yeye amenyimwa hata moja, ile faili inaanza kuongea.

Kalamu ziko kwenye lile bakuli la plastiki, nyeusi au bluu, herufi kubwa kwenye jina. La mtu, la baba, la ukoo. Alafu...

(Binti mmoja ameshachukua karatasi: "Shangazi, huyu hapa juu ameandikwa kwa Gh na huku chini kwa Q, ni watu wawili?")

Ni mmoja, mwanangu. Yaandike yote mawili.